Breki Isiyo na Harufu

Vijana wangu, mkija hapa Ngokolo kunisalimia huwa mna swali moja ambalo mnalizungusha kwa adabu mpaka chai inapoa: mzee, ni kweli ulikuwa unajua breki imechoka kwa kunusa tu? Ni kweli. Nilikuwa mwendesha winchi mgodini kwa zaidi ya miaka ishirini, na jina langu kazini lilikuwa Mzee Pua. Nilijivunia sana jina hilo. Ningekuwa na akili ningelikataa, maana pua hiyohiyo nusura itie watu wawili kaburini, kisha ikanifanya mwongo mbele ya mtu aliyekuwa amenifundisha breki mpya. Nawaandikia hayo sasa, kabla sijazeeka zaidi nikaanza kusimulia kwamba nilikuwa shujaa.

Niwaeleze kwanza mahali penyewe. Ulikuwa mgodi wa kadiri, kati ya Ushirombo na Geita, na jina lake nitalimeza. Shimo letu halikwenda chini wima kama kisima. Lilikuwa limelala mshazari kama ngazi za ghorofa, na ndani yake mlikuwa na reli. Juu ya reli kulikuwa na toroli la chuma lililofungwa kwa waya mnene, na waya ule ulijizungusha kwenye ngoma ya winchi, ndani ya kibanda cha bati nilimokaa mimi. Toroli likipanda, mota inalivuta. Likishuka, mota inaachanishwa na ngoma, nalo linashuka kwa uzito wake lenyewe. Kazi yangu ilikuwa kulizuia lisishuke kwa kasi linayoitaka. Mara nyingi lilibeba mawe ya dhahabu au vifaa, lakini kuna siku lilibeba watu. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa breki, mengine ni kukaa na kunywa maji.

Aliyenifundisha ni Mzee Sudi, mtu wa Maganzo, ambaye babu zake walitoka pwani wakifuata biashara wakaishia kuoa huku. Alivaa kofia ya kufuma chini ya kofia ngumu ya mgodi, na alikuwa hasemi mambo mara mbili. Breki za siku zile zilikuwa za pedi peke yake. Unavuta mkono wa chuma, pedi zinaiminya ngoma, ngoma inakataa kuzunguka. Mzee Sudi alinifunga macho kwa kitambaa chake cha jasho, akashusha toroli, akaniambia nieleze linaendaje.

"Unasikia harufu gani?"

"Kama mahindi ya kuchoma, mzee."

"Hiyo sawa. Ikiwa kama nywele zilizoungua, simamisha upumzishe. Na toroli likiwa linashuka na mzigo halafu usisikie harufu yoyote, hapo mwanangu ujue breki haishiki. Piga kengele watu wakae pembeni."

Hilo la tatu ndilo lililoniharibia maisha, na si kosa la Mzee Sudi. Kwa breki zake lilikuwa kweli tupu. Pedi ikisugua inatoa joto, joto linatoa harufu, na bila kusugua hakuna breki. Nililishika somo lile kama mtoto anavyoshika sala.

Msidhani kwamba baada ya kufundishwa hivyo nilikuwa makini. Mwaka wangu wa kwanza pedi zilianza kulia, mlio mwembamba wa kuudhi ambao ulifika mpaka ofisini. Wakubwa wakalalamika. Mimi, kwa kimbelembele changu, nikachota grisi nikazipaka. Kimya. Nilisifiwa mpaka saa sita mchana. Saa sita na robo tulikuwa tunalishusha toroli tupu upande wa juu, kule kwenye kumwagia mawe, nikavuta mkono, toroli likaniangalia likaendelea na safari. Lilipita kizuizi, likatoka mwisho wa reli, likaingia ndani ya banda la Mama Shija, mama lishe wetu, likasimama juu ya sufuria. Hakuna aliyeumia isipokuwa maharage. Mama Shija alikuja mpaka kwenye kibanda changu akiwa na mwiko mkononi.

"Baba Kulwa," akasema, "kama njaa imekubana si ungesema tu."

Mzee Sudi hakunifokea. Alinipa msasa na petroli, akanikalisha chini kuzisugua pedi zile mpaka jua likapoteza ukali. Akaniambia breki inaishi kwa kusugua, na mimi nimeilainisha kama ninayepaka mtoto mafuta. Tangu siku ile mpaka nastaafu sikuwahi kupaka pedi grisi. Niliendelea kufanya makosa, ila nilibadilisha aina.

Mzee Sudi alipokuwa ameshastaafu, mgodi ukaleta winchi nyingine, kubwa, iliyotumika kwingine. Pamoja nayo akaja fundi wa umeme kutoka Iringa, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, tuliyemwita Mama Irene kwa jina la binti yake mkubwa. Yeye ndiye aliyeifunga na kuiwasha. Winchi ile ilikuwa na pedi kama kawaida, lakini kwenye ekseli ya ngoma kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona: sahani ya aluminiamu, pana kama sinia la pilau la harusi, iliyopita katikati ya koili za waya bila kuzigusa. Ukiwasha umeme, koili zinakuwa sumaku. Sahani inazunguka hewani, haiguswi na kitu, na bado inazuiwa.

"Haigusi, haisugui," nikamwambia Mama Irene. "Inazuiaje?"

"Njoo na chai yako nikuonyeshe," akasema.

Kantini alitoa kipande cha bomba la shaba, mfano wa urefu wa mkono. Akakishika wima, akadondosha nati juu. Ikatoka chini papo hapo, ikagonga meza. Kisha akadondosha kisumaku kidogo cha duara, kisichogusa kuta za bomba. Nikasubiri. Nikanywa chai. Nikahesabu mpaka nne ndipo kikatokeza chini, kimetulia kabisa, kama mtu aliyetoka kuoga. Nililichukua bomba nikachungulia kutafuta gundi. Sikuona kitu. Kisha, Mungu anisamehe, nikalinusa. Kantini nzima ililipuka kwa kicheko, na Mama Irene naye akacheka mpaka akafuta machozi.

Alipotulia akanieleza vizuri. Sumaku ikipita karibu na shaba au aluminiamu, inaamsha umeme ndani yake. Umeme ule nao unatengeneza nguvu ya sumaku ya kwake, na kazi yake ni kupingana na mwendo uliouamsha. Ukikimbia sana unapingwa sana. Ukipunguza mwendo, na upinzani unapungua.

"Na nikisimama?"

"Ukisimama hakuna mwendo, basi hakuna cha kupingwa. Breki hii inapunguza tu, Baba Kulwa. Haiwezi kusimamisha na haiwezi kushikilia. Wa kusimamisha ni hizo pedi zako."

Akanionyesha saa ya mwendo iliyokuwa mbele ya kiti changu, yenye alama nyekundu aliyoichora mwenyewe. Mshale ukiwa juu ya alama ile, mikono mbali na pedi, iachie sumaku ifanye kazi. Mshale ukishuka kwenye alama, yaani toroli linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, hapo vuta mkono, pedi zishike, toroli lisimame. Akabandika na karatasi juu ya swichi kubwa, kwa maandishi ya kupendeza: USIZIME UMEME TOROLI LIKIWA KWENYE MWENDO. Umeme ukikatika, pedi zilikuwa na springi za kujifunga zenyewe, lakini hakutaka tuzitegemee kwa mchezo.

Nilitakiwa kufurahi, jamani. Nyie mnaoanza kazi leo hamjui tulivyosumbuliwa na pedi. Zinakwisha kama sabuni. Masika zikilowa zinateleza, kiangazi zikijaa vumbi zinaila ngoma. Ukishusha mizigo mizito mfululizo zinapata moto na kulegea, na zinalegea palepale unapozihitaji. Sumaku haina hayo. Haigusani na kitu kwa hiyo haichakai, mvua kwake ni habari za jirani, na kadiri toroli linavyokimbilia chini ndivyo inavyozidi kuling'ang'ania bila wewe kufanya lolote. Dosari zake ni mbili tu: inataka umeme, na toroli likipoa mwendo inakukabidhi kazi na kuondoka. Breki mbili zile zilikuwa zinasaidiana vizuri kabisa. Aliyekuwa hafai ni mtu aliyekaa katikati yake.

Kwa sababu, vijana wangu, haikuwa na harufu.

Nilishusha toroli la kwanza, mawe na vifaa, mshale uko palepale unapotakiwa, kimya, hewa safi kama ya kanisani. Nywele zikanisimama. Nikampa Mama Irene malalamiko yangu. Akaniambia joto halijapotea, limehamia kwenye sahani. Nikasema nitaamini nikishika. Akasema usishike. Alipogeuka nikashika. Niliacha pale ngozi ya vidole viwili, na kwa wiki nzima nilikula ugali kwa mkono wa kushoto huku mke wangu akiniangalia kwa kichefuchefu. Ushahidi nilikuwa nao kwenye malengelenge. Pua haikuridhika.

Basi nikaanza mchezo wangu wa siri. Toroli likiwa linashuka, mshale bado uko juu, nilivuta mkono wa pedi kidogo tu. Sikuuvuta wa kuzuia. Niliuvuta kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha simu ipo. Pedi zinaparaza ngoma, baada ya dakika moja naanza kusikia mahindi yangu ya kuchoma, moyo unatulia, nashusha mzigo kwa raha. Nilifanya hivyo kila safari, kila siku, miezi minne.

Sasa sikilizeni, hili ni la kazi. Pedi ikiminywa kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ikaachiwa, inapoa na haidhuriki. Ikiparazwa taratibu kwa muda mrefu, inaiva. Uso wake unakuwa mgumu, laini, unang'aa. Mkiona pedi inang'aa msiifurahie, pedi iliyo nzima huwa na sura ya kuchosha. Harufu niliyokuwa naivuta kwa furaha kila siku ilikuwa harufu ya breki yangu ya kusimamishia ikifa.

Ilikuwa asubuhi, baada ya chai. Mama Irene alikuwa anashuka stesheni ya pili, kituo cha ndani ya shimo, kuangalia waya za pampu, akiwa na Masanja, kijana wa watu wa Kahama aliyehusika na pampu zile. Chini ya stesheni ya pili kulikuwa na dimbwi, maji yaliyokusanyika mwisho wa shimo, marefu kuliko mtu. Walikaa kwenye toroli, wakapiga kengele mbili, maana yake shusha. Nikashusha. Sumaku ikalishika toroli vizuri, nami nikaweka mkono wangu kidogo tu kama kawaida, nikanusa, nikaridhika. Mshale ukafika kwenye alama nyekundu. Ikapigwa kengele moja: simama.

Nikavuta. Pedi zikaikamata ngoma kama sabuni inavyokamatwa na mkono uliolowa. Toroli halikusimama. Halikukimbia pia, kwa sababu likitaka kukimbia sumaku inalizuia. Lilikuwa linatambaa, mwendo wa mzee anayekwenda msikitini, likaipita stesheni, likaelekea kwenye maji. Kengele moja. Nikavuta kwa mikono miwili. Kengele moja tena. Nikapanda na mguu ukutani, nikavuta kwa mgongo mzima. Ngoma inazunguka tu, polepole, kwa adabu. Kuirudisha mota kwenye ngoma inayozunguka kungevunja meno ya gia. Nikakumbuka zile springi za kujifunga umeme ukikatika, mkono wangu ukaenda kwenye swichi, na nilikuwa nimeshaishika nilipoyaona maandishi ya Mama Irene. Ningezima, sumaku ingekufa, na springi zingezibana pedi zilezile nilizoziivisha. Toroli lingeanguka chini kama jiwe. Mjue kwamba kilichowaokoa wale watu hakikuwa akili yangu. Nilisoma karatasi.

Kengele ikanyamaza. Waya ukaendelea kushuka, kisha ukalegea. Hapo nilijua toroli limeingia majini. Nilikaa chini sakafuni. Sikulia, sikuita mtu, nilikaa tu nikiuangalia waya uliolegea, na sijawahi kuogopa vile tangu nizaliwe.

Baada ya muda nisioujua nikasikia buti kwenye ngazi za pembeni ya reli. Akatokeza Masanja anahema. Nyuma yake Mama Irene, amebeba mfuko wake wa vifaa, mkavu kabisa. Alipoona toroli limepita stesheni alimwambia Masanja aruke, akatupa mfuko, naye akashuka. Mwendo ule uliwaruhusu. Lingekuwa toroli la enzi za Mzee Sudi, lenye pedi peke yake, na pedi zimeiva vile, wasingepata hata nafasi ya kuomba dua.

Akaja mpaka mlangoni pangu. "Kengele uliisikia, Baba Kulwa?"

"Niliisikia."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa kivulini.

Mchana ule, kibanda kikiwa hakina mtu, nilifungua kifuniko cha pedi. Ufunguo ulikuwa wangu peke yangu. Zilikuwa zinang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Nikaelewa kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Na nilipoelewa, mimi Mzee Pua, fundi wa kuheshimika, nilichukua pedi mpya stoo, nikazifunga, nikazitia zile mbovu kwenye mfuko wangu wa chakula, nikaenda nazo nyumbani.

Kwa wakubwa jambo lilikuwa limeshaamuliwa. Kitu kipya kikiingia mahali na mambo yakaharibika, nani atahangaika kutafuta mwingine? Meneja wetu, mtu mpole mwenye buti safi, akaniita ofisini. "Mzee, wewe ndiye unayezijua breki. Niandikie sentensi moja tu, ipi haikushika."

Nikaandika: Breki ya sumaku haikulisimamisha toroli.

Kila neno pale lilikuwa kweli. Haikulisimamisha, kwa sababu haiwezi kusimamisha, na aliyenifundisha hivyo ni Mama Irene mwenyewe, kwa bomba lake la shaba. Nililichukua somo lake nikamchongea nalo. Akasimamishwa kazi siku ileile. Kikao kikapangwa Jumatatu, cha kumwachisha kazi kabisa na kuing'oa sumaku yake. Alikuwa na watoto watatu na mama yake aliyepooza, wote wakimtegemea yeye, na mimi nilijua.

Nyumbani pedi nilizificha chini ya kitanda. Kilichofuata ni haki yangu. Zilinuka. Zilinuka chumbani, zikanuka sebuleni, zikaingia kwenye mapazia. Mama Kulwa akafagia nyumba mara mbili.

"Kuna panya kafia humu," akasema.

"Pengine."

"Huyu panya kaungua."

Jumapili mchana, baada ya ibada, Mama Irene alikuja. Alikuwa amevaa kitenge, amebeba ndizi kama mgeni yeyote mwenye adabu. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye koo bovu. Mama Kulwa akamkaribisha chai.

"Sikuja kugombana, Baba Kulwa," akasema. "Nimepitia michoro yangu yote, sioni nilipokosea, na kesho nitaulizwa. Naomba uniambie tu. Ulikuwa unagusa mkono wa pedi mshale ukiwa juu ya alama?"

"Hapana."

Nikamwona anavuta hewa puani, mara moja, kisha mara ya pili. Akanitazama usoni muda mrefu. Sikumtazama.

"Sawa," akasema.

Akamaliza chai, akamuuliza Mama Kulwa habari za mapacha wetu, akaaga, akaondoka. Angenitukana ningepata la kushika. Ile sawa yake ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Kakuuliza kitu kidogo," Mama Kulwa akasema akikusanya vikombe. "Mbona umejibu kama mtu aliyeulizwa kama ameua?"

Ningependa kuwaandikia kwamba hapo dhamiri iliniamka. Ukweli ni kwamba niliamka kutafuta mahali pengine pa kuzificha zile pedi. Nilizipeleka kwenye banda la kuku, nikazifukia chini ya maranda. Jioni kuku waliporudi, walifika mlangoni, wakasimama, wakakataa kuingia. Nikawaswaga. Wakazunguka banda wakarudi palepale. Nikaanza kuwabembeleza, nikawaita kwa sauti ya mke wangu, nikawatupia mtama ndani. Mtu mzima, mwenye cheti, mwenye wajukuu, nimeinama kwenye banda nawadanganya kuku kwamba hakuna harufu. Hapo ndipo nilipojiona, na sikupenda nilichokiona. Nikazifukua.

Jumatatu nilifika kikaoni na mfuko wangu wa chakula. Mama Irene alikuwa ameketi mwisho wa meza, ameshika mikono yake mapajani. Meneja akaanza kusoma sentensi yangu. Nikamwomba akatishe hapo, nikatoa pedi nikazipanga juu ya karatasi zake. Nikasema yote: mkono kidogo tu, miezi minne, kifuniko, pedi mpya, kitanda, chai ya Jumapili. Hata kuku niliwasema, kwa kuwa nilishaanza sikujua pa kukomea.

"Lakini kwa nini, mzee?" meneja akauliza. "Si ulifundishwa?"

"Nilifundishwa. Ila haikuwa na harufu."

Hakuna aliyecheka. Mama Irene alichukua pedi moja, akapitisha kidole gumba juu ya uso wake unaong'aa, akaiweka chini. "Sumaku ilifanya kazi yake," akamwambia meneja. "Ndiyo maana tulishuka kwenye toroli kwa miguu yetu." Kisha akafunika uso kwa mikono miwili, na tukakaa hivyo, wanaume saba, tukiangalia meza.

Alirudishwa kazini siku ileile. Mimi niliondolewa kwenye winchi, nikapelekwa kupanga na kuosha kofia ngumu, miezi mitatu. Nadhani ningefukuzwa, ila wenye cheti cha winchi walikuwa wachache kule. Niliporudi nilikuta Mama Irene amefunga kitasa kwenye mkono wa pedi, kisichofunguka mpaka mshale ufike kwenye alama. Sikuudhika. Nilijifunza kuutazama mshale, na baada ya muda pua ikakubali kustaafu kabla yangu. Pedi zile za pili zilidumu kuliko zozote nilizowahi kufunga, kwa vile sasa kazi yake ilikuwa moja tu, kushika mwishoni.

Mama Irene hakunichukia. Alikuwa ananiamkia kila asubuhi, na Mama Kulwa alipougua alimletea uji na kukaa naye. Nilipomwomba radhi alisema yamekwisha, na naamini yalikuwa yamekwisha. Lakini kila alipokuwa na kazi chini, na mimi nikiwa zamu, alipita mbele ya kibanda changu na mfuko wake begani, akashuka kwa ngazi. Ngazi mia mbili na kitu kwenda, mia mbili na kitu kurudi. Masanja na wengine wote walipanda toroli. Nilishusha watu miaka sita zaidi bila hata mkwaruzo. Zamu ya mwenzangu, alikuwa anapanda.

Siku yangu ya mwisho kazini nilijipa moyo. Nilimwona anakuja, pumzi si zile za zamani, mvi zimeanza kutokeza chini ya kofia. Nikatoka nje ya kibanda.

"Mama Irene, leo namaliza. Panda nikushushe, mara moja tu, niondoke vizuri."

Alisimama. Akaweka mfuko chini, akanipa mkono wake, akaushikilia wangu kwa mikono yote miwili.

"Baba Kulwa," akasema, "nakuheshimu sana, na Mungu anajua nimekusamehe. Lakini nina watoto."

Akabeba mfuko wake, akashika ngazi.